Nilivyomtaja Mwalimu Yusta Bungeni

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia asubuhi kabla Mama Solo hajaingia na habari zake za mbuzi wa jirani, mimi uenyekiti wa mji huu niliupata kwa mdomo tu. Ulikuwa umeshaanza kucheka, Fina, umekaa pale kwenye ndoo unakunja nguo zako, nikasema moyoni leo namaliza hii hadithi mpaka mwisho wake, maana kesho gari linakuchukua. Mama Solo akaingia. Akakaa mpaka saa saba, akala na ugali wetu, na mbuzi mwenyewe hata sikuelewa alikula nini. Sasa wewe umeenda kusuka, baba yako yuko nje na baiskeli za watu, na mimi nimechukua lile daftari lako lililobaki, nimekaa jikoni naandika. Usinicheke mwandiko. Kalamu nimeishika nikiwa nimeshakuzaa wewe.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutokukopa dukani, sitaziandika. Unazijua, na usipozijua, huko Mishamo ulikopangiwa ualimu kutakufundisha. Kuna jambo moja ambalo nimeshindwa kukwambia wiki tatu nzima, tangu siku ile ulipokuja na karatasi ya kupangiwa kazi ukaruka ruka hapa uani. Na wewe unanijua, mimi kushindwa kusema kitu ni habari ya kutangazwa.

Nianzie mbali kidogo, maana sijui pa kuanzia.

Mimi nilitoka Usevya kuja kuolewa na baba yako hapa Mpanda, nikawa naletewa mchele kutoka nyumbani nauza pale sokoni. Meza yangu ilikuwa karibu na bomba. Ukikaa karibu na bomba huna haja ya kutafuta habari, zinakuja zenyewe na ndoo kichwani. Nani kagombana na mumewe, nani kaingiza mahindi mabovu, nani anaumwa na anaficha. Watu wakasema Kasilda mmbea. Sawa. Lakini mji ulikuwa na simu moja posta, na hiyo nayo siku nyingi imekufa. Mimi ndiye nilikuwa simu. Mtu akifiwa kule mwisho wa mji, mimi ndiye najua wajomba wake wanakaa wapi.

Ndiyo wakaja wazee wa kata wakasema, mama, gombea udiwani. Nikacheka mpaka nikashika meza. Wakasema hawatanii. Jambo lenyewe moja tu, wanataka mtu anayejua kusoma na kuandika. Hapo nikarudi kupima mchele. Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilikuwa naenda siku za mvua, siku ambazo hakuna kufukuza ndege mpungani. Jina langu nilikuwa naliandika kama mtu anayechora jogoo.

Na kisomo cha watu wazima nilikuwa naona aibu kwenda. Mimi ninayewasema wenzangu wote, nionekane nimekaa na wazee nasoma a, e, i? Wangenisema miaka kumi.

Mwalimu Yusta ndiye aliyejua la kufanya. Wewe ulikuwa darasani kwake wakati huo, darasa la tatu kama sikosei, unamkumbuka na ile sketi yake ya bluu. Alikuwa anakuja kununua mchele kwangu kila Jumamosi. Akasikia habari ile. Jumamosi iliyofuata akavuta kigoda, akachukua ungo, akamwaga mchele, akausawazisha kwa kiganja ukawa bapa kama ubao. Akachora kwa kidole. Akaniambia, "Mama Fina, hii ni ka. Chambua mawe huku unaiangalia."

Basi tukawa hivyo. Watu wanapita wanaona wanawake wawili wanachambua mchele. Nikichora vibaya anatikisa ungo, inafutika, naanza upya. Wateja wananiambia, "Kasilda siku hizi mchele wako msafi, hauna hata jiwe moja." Nilijifunza kusoma miezi saba, na miezi hiyo nilipata wateja ambao sijawahi kuwapata tena.

Sasa Yusta mwenyewe. Wewe ulimjua ni Muha wa kule Kasulu. Hivyo ndivyo alivyosema, hivyo ndivyo karatasi zake za kazi zilivyosema. Lakini mimi nilijua mapema. Siku moja mtoto wake yule mdogo alishikwa na degedege pale foleni ya bomba. Yusta akamshika, akawa anamwita, na ile lugha iliyomtoka haikuwa ya Kasulu. Zinafanana, lakini mwenye lugha yake anajua. Kulikuwa na mama mmoja Muha kweli, akanyoosha shingo, akasema, "Mbona sisi hatusemi hivyo."

Nikamwambia, "Kwani nyie mnasemaje? Kila kijiji kina mdomo wake. Shika mtoto hapo miguu tumpeleke."

Akashika. Ikaisha. Mimi, Kasilda mwenye mdomo, ndiye nililifunika lile jambo. Baadaye Yusta akaniambia mwenyewe, wala sikumuuliza. Alikimbia Burundi akiwa msichana mdogo, pamoja na watu wengi wa wakati ule, ndugu zake wakaishia kwenye makazi ya wakimbizi, wengine ndio hao wa Mishamo. Yeye akachukuliwa na mama mmoja wa hapa mjini akamsomesha, akamwandikisha kama mtoto wa Kasulu ili asome. Akasoma, akawa mwalimu. Na baada ya muda mji mzima ulijua, Fina. Sokoni walijua, kanisani walijua, shuleni walijua. Hakuna aliyesema. Si kwamba walikuwa wameapishwa. Ni kama mtu akiwa na kidole cha sita, unaona, unapokea chenji yako, unaondoka.

Nikawa diwani. Nikawa mwenyekiti wa mji wetu huu mdogo. Watu wanafikiri kuongoza mji ni kujua sheria. Mkono wa bomba la sokoni uliibiwa, unakumbuka? Polisi waliandika wakachoka. Mimi nikasikia fundi mmoja hapa mjini amepata chuma kizuri. Sikumwambia mtu. Nilienda kwake saa mbili asubuhi, nikakaa barazani, nikaanza kumsimulia habari za watu wa Kasansa. Nikala chakula chao cha mchana. Nikamwambia mkewe anitengenezee chai. Saa kumi jioni yule bwana akasema, "Mwenyekiti, hebu subiri, nadhani kuna kitu humu ndani kinakuhusu." Akaja na mkono wa bomba umefungwa kwenye gunia. Nikamshukuru kwa kuuokota. Mpaka leo ananisalimia vizuri.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Kila mtu najua anachoficha, na namwachia mlango atokee. Walipokuja kusema gombea ubunge, uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, nilifikiri Bunge ni soko kubwa zaidi. Nitakaa karibu na bomba lao.

Yusta aliniandikia hotuba zangu zote kwa herufi kubwa, kila sentensi na mstari wake, tukifanya mazoezi hapa hapa jikoni. Nikikosea anasema, "Rudia, mama, usikimbie." Baba yako alikuwa anapita anasema, "Mheshimiwa, maharage yanaungua." Tulicheka sana wakati ule. Nasema tulicheka kwa sababu nakumbuka tulicheka. Kile kicheko chenyewe sikioni tena. Ni kama mguu uliokaliwa, unaupiga na ngumi unajua ni wako lakini hausemi kitu.

Nikashinda. Nikaenda Dodoma na treni, nikabadilisha Tabora, nimebeba mchele kilo ishirini wa kugawia majirani. Majirani wenyewe ni waheshimiwa, kila mmoja na mlango wake umefungwa. Bungeni hapakuwa na bomba. Walikuwa wanaongea mambo ambayo najua neno moja moja tu. Nilikaa mkutano mzima sijafungua mdomo. Mtu mmoja wa kutoka pwani akaniuliza, "Dada, wewe bubu?" Nikacheka. Usiku sikulala kwa lile neno.

Mkutano wa pili Yusta akaniandikia hotuba ya reli na barabara. Kurasa mbili. Ikafika zamu yangu, lakini kabla yangu walisimama wawili, mmoja baada ya mwingine, wakasema habari za wakimbizi. Kwamba wanakula bure, wanakata miti, wanaleta bunduki, warudishwe wote, hawana faida hata moja. Watu wakapiga meza. Mimi nikasikia damu inapanda. Nikasimama. Nikaweka karatasi ya Yusta chini. Ndiyo kosa la kwanza, kuweka karatasi chini.

Nikasema, "Mheshimiwa Spika, mimi hapa mnaponiona nimefundishwa kusoma na mkimbizi. Mrundi. Mwalimu Yusta, yuko Mpanda pale, anafundisha watoto wa Watanzania, na wangu amemfundisha. Kanifundisha kwenye ungo wa mchele. Sasa huyo anayesema hawana faida, anieleze mimi nimefikaje humu ndani."

Wakapiga meza, Fina. Wakapiga wote, hata wale wawili. Yule wa pwani akanipa mkono. Nilikaa chini nimejaa furaha. Nilijisikia nimemlipa Yusta. Nilisema yupo mahali anasikia redio, anajivunia.

Alikuwa anasikia redio. Alikuwa hapa kwetu.

Baba yako aliniambia niliporudi. Nilishuka stesheni, kina mama walikuja kunipokea na ngoma, lakini waliimba wimbo mmoja wakanyamaza. Sikuelewa. Nyumbani baba yako akanipokea mzigo, akasema, "Uliongea vizuri. Ilisikika safi." Nikamuuliza Yusta yuko wapi. Akasema, "Alikuja kusikiliza na mimi. Ulipomtaja alikuwa anakunywa chai. Akamaliza chai. Akaosha kikombe. Akasema ngoja akasahihishe madaftari ya watoto."

"Hakusema kingine?"

"Alisema kesho ni siku ya madaftari."

Baba yako si mtu wa maneno, unamjua. Akarudi kwenye baiskeli zake.

Barua ilikuja ofisi ya wilaya wiki ya pili. Yusta aitwe, aeleze kwa nini alijiandika Muha wa Kasulu. Nilienda mimi mwenyewe kwa bwana mkubwa wa ofisi ile, nimevaa kitenge changu cha kuapia, nikasema, huyu ni mwalimu wa watoto wetu, mwacheni. Yule bwana ni mtu mzuri, namfahamu mpaka kwao. Akafunga mlango. Akasema, "Mama, hapa ofisini nani alikuwa hajui? Mke wangu anasali naye. Nilikuwa najua miaka sita. Sasa limesemwa Bungeni, limeandikwa, wakubwa wameniletea na mstari umepigwa chini yake. Unataka nijibu nini?"

Nikasema, "Jibu kwamba ni maneno ya mwanamke tu."

Akaniangalia. Akasema, "Si ya mwanamke tu. Ni ya mbunge."

Mpaka hapo, mwanangu, ukinihukumu utanionea huruma kidogo. Nilisema kwa moyo mzuri. Watu wengi wananiambia hivyo, hata padri. Ningeishia hapo ningekwambia kwa mdomo zamani, ningelia kidogo, ungenishika bega, tungekula. Lakini sijaishia hapo.

Nilirudi Dodoma. Kuna mzee mmoja pale anafanya kazi kwenye ile hansadi, kile kitabu wanachoandika kila neno tunalosema. Mzee wa miwani, mpole. Nikamwomba anifutie yale maneno. Akasema, "Mama, hiki kitabu hakifutwi. Lakini mbunge akiwa amekosea anaandika barua, anasema nilikosea, sahihisho linaingia. Ulikosea?"

Nikasema, "Sikukosea."

"Ulichosema ni kweli?"

"Ni kweli."

Akafuta miwani yake kwa shati. Akasema taratibu, "Mimi simjui huyo mwalimu. Na kukosea jina la kabila ni kitu kinachomtokea mtu yeyote. Muha, Mrundi, mtu akiwa na haraka." Akanipa karatasi. Akanipa na kalamu.

Umeelewa? Alinifungulia mlango kama mimi nilivyomfungulia yule wa mkono wa bomba. Mistari mitatu tu. Nilikosea, nilimaanisha Muha, naomba radhi. Na nilikuwa najua kuandika. Yusta ndiye aliyenifundisha.

Nilikaa na ile karatasi siku tatu. Siku ya kwanza nilisema nitaandika jioni. Siku ya pili wakaniita wakasema jina langu limetajwa kuingia kwenye kamati, ile hotuba yangu imewafurahisha wakubwa, wamesema huyu mama anasema kweli. Siku ya tatu nikawaza, nikiandika nilikosea, watasema nimelidanganya Bunge. Na wakichimba wakakuta ni Mrundi kweli, watasema mbunge wa Mpanda anaficha watu. Nitapoteza kiti. Nikawaza na ada yako ya chuo, siwezi kukudanganya, niliiwaza, lakini haikuwa ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa kiti. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kule walikuwa wananisalimia kwa jina.

Karatasi niliikunja nikaiweka kwenye mkoba. Yule mzee nikawa nikimwona natoka kwa mlango mwingine. Ndilo kosa ninalotaka ulijue. Lile la kwanza lilinitoka. Hili nililikalia siku tatu nalitazama.

Walimwondoa kazini. Wakasema aende makazini kwa watu wake, Mishamo. Wewe ulikuwa chuoni, ukaandika barua ukauliza, nikakujibu Mwalimu Yusta amehamishwa. Sikudanganya. Siku hizi nina ujuzi mkubwa wa kutodanganya.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya soko. Lori lilisimama upande wa mashine ya kusaga. Alikuwa na godoro, sanduku, watoto wake wawili, na vitabu kwenye boksi la sabuni. Watu waliendelea kuuza. Usifikiri hawakumpenda. Walikuwa wanampimia nyanya zaidi, wanamwekea, hawamwangalii usoni. Yule mama Muha wa siku ya bomba alimletea kuku hai amefungwa miguu. Mimi nilikuja na gunia la mchele, nusu gunia, nikampa dereva apakie. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Njia nzima nilikuwa nayo.

Yusta akashuka kutoka kwenye lori akanisalimia vizuri, kwa mikono miwili. Miaka yote ile aliniita Mama Fina. Akasema, "Asante kwa mchele, Mheshimiwa."

Akapanda. Nilisimama mpaka vumbi lilipotulia, halafu nikaenda kwenye meza ya Mama Solo nikanunua dagaa. Nakumbuka nilipunguziwa bei na nikashukuru. Sikulia. Nilisubiri kulia jioni, sikulia. Tangu siku ile naenda misibani nasema vizuri, naenda harusini nacheza, Dodoma nagonga meza wakigonga. Watu wanasema Mheshimiwa wetu hajabadilika, mcheshi vilevile. Ni kweli, mdomo haujabadilika. Huku ndani ndiko kumekuwa kama chumba ambacho vitu vimetolewa, ukiongea sauti inarudi.

Sasa wewe umepangiwa Mishamo. Siku ile unaruka ukisema, "Mama, nitakaa kwa Mwalimu Yusta," mimi nilikuwa namenya mihogo. Nikasema, "Vizuri." Nikaendelea kumenya. Usiku baba yako akaniambia, "Wewe si mbunge? Waambie wambadilishie kituo." Nikasema hapana. Akasema, "Unamtuma mtoto akalipe?" Hilo neno lilikuwa refu kwa baba yako. Nilifikiri wiki nzima. Ningeweza kukubadilishia, Fina, ni barua ya mistari mitatu. Lakini nilikuwa na barua ya mistari mitatu kwa ajili ya Yusta nikashindwa. Sitaandika nyingine kwa ajili yangu.

Na yeye ameleta salamu. Yule kijana wa maharage anayekuja na baiskeli kutoka kule alisema, "Mwalimu anasema mtoto aje, kitanda kipo." Nikamuuliza hakusema na mengine? Akasema hapana, alisema kitanda kipo. Huko anafundisha watoto kwenye darasa la nyasi, hajaajiriwa, wazazi wanampa mahindi. Ndiyo shule jirani na hiyo yako. Wewe utakuwa mwalimu mwenye mshahara na yeye hana, na yeye ndiye aliyekufundisha. Nilitaka ulijue hilo kabla hujafika, usije ukaingia kwake na kile kitenge ulichomnunulia unacheka, halafu mtu mwingine akakwambia kisimani. Habari kama hizi zikikufikia kisimani zinakuwa na mate ya watu. Nimeuza nyingi za namna hiyo, nazijua.

Sijui nikushauri nini. Mimi nilijua siri za mji mzima na sikujua kwamba jambo linalojulikana na watu wote na jambo lililosemwa ni vitu viwili. Katikati yao watu wanaishi, wanalea, wanafundisha. Huko Mishamo watakuletea karatasi za kujaza, huyu mtoto kabila gani, baba yake alizaliwa wapi. Muulize mwenyewe, andika anachokwambia, usimsaidie kwa unachokijua wewe. Hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.

Na ukifika kwa Yusta usimpe salamu zangu. Najua utataka, ni adabu. Lakini salamu zangu atazipokea kwa sababu ni mtu mwenye adabu, atasema asante, na mimi nitajifanya nimesamehewa. Sitaki. Mwache yeye ndiye aulize, mama hajambo? Akiuliza, mwambie hivi

Nimesikia gari. Si la kesho hili? Baba yako anaita, nawe nakusikia unakuja mbio, nywele nusu. Anasema dereva kapata mzigo, analala njiani, anaondoka sasa hivi na hawezi kungoja kesho, na mbele kumebaki nafasi moja.

Nilitaka kuandika vizuri hapa. Akiuliza, mwambie ile karatasi ya Dodoma bado ninayo kwenye mkoba, haijaandikwa kitu. Asipouliza, usiseme chochote, kaa naye tu, umsaidie maji. Wananiita tena. Nakuja kukupa.